"Umeokoka?": swali moja, nyakati nne

Jumamosi saa nne asubuhi, darasa la kipaimara, Tabata. Feni inazunguka kwa kusuasua, vijana wamebanana kwenye mabenchi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili, magoti juu. Nilikuwa nimeandaa somo la Amri Kumi. Sikulifikia. Binti mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono kabla sijafungua daftari.

"Mwalimu, mama yangu amebatizwa, anashiriki meza ya Bwana, na jumuiya hakosi. Lakini shangazi anasema mama hajaokoka. Nani mkweli?"

Wenzake walicheka, halafu wakanyamaza ghafla. Nadhani kila mmoja alikumbuka kwamba ana shangazi wa namna hiyo, au mama wa namna hiyo. Dar es Salaam nzima imejaa swali hili. Utalikuta kwenye daladala la Segerea, kwenye foleni ya kivuko Magogoni, kwenye kitanda cha mgonjwa wodini, kwenye kikao cha harusi pale mwanamke wa ukoo wa Kikatoliki anapoolewa na kijana wa kanisa la Kipentekoste. Mtu anakuuliza "Umeokoka?" na kabla hujajibu umekwisha kuhisi kwamba kuna jibu moja tu linalokubalika.

Nilimwambia binti yule kwamba tutaanza na sarufi. Alinuna kidogo, maana alitaka jibu la kumpelekea shangazi.

Kitenzi ni okoa. Kinazaa okolewa, kauli ya kutendwa, na okoka, kauli ya kutendeka. Tofauti yake kila mmoja wetu anaijua tangu utotoni bila kufundishwa. Ukisema kikombe kimevunjika, hujamtaja aliyekivunja, ndiyo maana mtoto aliyekiangusha huipenda sana kauli hiyo. Ukisema kimevunjwa, mtu wa kwanza kusikia atauliza: na nani? Basi "nimeokoka" ni kama kikombe kimevunjika. Hali inaonekana, mtendaji hatajwi. "Nimeokolewa" inamdai mtendaji, na sentensi haitulii mpaka umtaje.

Sisemi watu waache kusema wameokoka. Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo, inatumia zote mbili bila wasiwasi. Mlinzi wa gereza kule Filipi anawauliza Paulo na Sila, "yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" na anajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako" (Matendo 16:30-31). Lakini Paulo huyohuyo anapokaa chini kueleza kilichotokea ndani ya mtu kama yule mlinzi, kwa Kiswahili chetu anasema "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu" (Waefeso 2:8). Mtendaji karudi. Shida ya mtaani, kwa maoni yangu, imeanzia hapo: tumeizoea kauli isiyomtaja mwokozi mpaka wokovu umekuwa sifa ya aliyeokoka, kama vile cheti cha udereva.

Hata neno mlokole lina safari yake. Limetoka kwenye Kiganda, balokole, yaani waliookoka. Lilienea na uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ndani ya Kanisa la Anglikana, ukavuka Uganda, ukaingia kwetu kwa upande wa Bukoba hadi kwa Walutheri. Watu wa uamsho ule walijulikana kwa jambo moja lisilopendeza sana siku hizi: walitubu mbele za watu, wakitaja dhambi zenyewe, na walirudisha vitu walivyoiba. Neno lilipofika kwetu mjini na kukaa miaka mingi, likageuka jina la mtu asiyekunywa bia, asiyekwenda kwenye vigodoro, anayesalimia "Bwana Yesu asifiwe" kwenye simu. Hayo si mabaya. Ila yule wa Bukoba aliyerudisha jembe la jirani angeshangaa kidogo.

Kuokolewa na nini?

Hapa ndipo wahubiri wengi hurukia moto wa milele, na moto upo kwenye Maandiko, siukatai. Lakini ukianza mwanzoni mwa Biblia, wokovu mkubwa wa kwanza unaosimuliwa kwa watu wote ni wa watumwa. Waisraeli wamekwama, bahari mbele, magari ya Farao nyuma. Musa anawaambia wasimame tu "mkauone wokovu wa BWANA" (Kutoka 14:13). Hawakupigana, hawakujenga daraja. Na angalia mpangilio: Amri Kumi zinakuja sura ya 20, baada ya kuvuka. Mungu hakusema shikeni amri ndipo niwatoe Misri. Aliwatoa, kisha akawaambia namna watu huru wanavyoishi. Somo langu la Amri Kumi, kumbe, lilikuwa bado lipo palepale.

Agano Jipya linaitumia picha hiyohiyo ila linamtaja Farao mwingine. Malaika anamwambia Yusufu kwamba mtoto ataitwa Yesu, "maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao" (Mathayo 1:21). Hakusema Warumi waliokuwa wakiwatawala, ingawa wengi walitamani hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kimelificha kwa bahati mbaya, nalo ni zuri mno. Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anaambiwa na Yesu, "imani yako imekuponya" (Marko 5:34). Mwanamke mwenye dhambi aliyemlilia miguuni anaambiwa, "imani yako imekuokoa" (Luka 7:50). Kwa Kigiriki sentensi hizo mbili ni moja, neno kwa neno. Kitenzi chake kinabeba kuponya na kuokoa kwa pamoja. Watafsiri wetu walilazimika kuchagua, na walichagua vizuri kulingana na habari yenyewe. Lakini msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba mgonjwa na mwenye dhambi walipewa jibu lilelile. Wokovu wa Biblia si wa roho peke yake inayosubiri kuruka juu. Unamgusa mtu mzima, mwili wake, meza yake, hata daftari lake la madeni.

Zakayo ndiye shahidi wa hilo daftari. Mkuu wa watoza ushuru, tajiri, mfupi, juu ya mkuyu. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo akisoma Luka 19 anajua Zakayo ni mtu wa aina gani. Yesu anajialika kwake kabla Zakayo hajatubu lolote. Halafu Zakayo anasimama, nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Ndipo linatamkwa: "Leo wokovu umefika nyumbani humu." Umefika. Una miguu, umepiga hodi wenyewe. Zile mara nne hazikuununua, kwa sababu mgeni alikuwa keshaingia. Lakini kama zisingetokea, majirani wangekuwa na haki ya kuuliza ni wokovu gani huo.

Nyakati nne

Sasa sehemu iliyonifanya niandike makala hii. Niliwaandikia vijana ubaoni viambishi vinne vya wakati: -li-, -me-, -na-, -ta-. Kisha tukafungua Biblia.

"Kwa maana tuliokolewa kwa taraja" (Warumi 8:24). Hiyo ni -li-. "Mmeokolewa kwa neema" (Waefeso 2:8). Hiyo ni -me-. "Bali kwetu sisi tunaookolewa ni nguvu ya Mungu" (1 Wakorintho 1:18). Hiyo ni -na-. "Tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye" (Warumi 5:9). Hiyo ni -ta-. Si ujanja wa watafsiri; Kigiriki cha Paulo nacho kinabadilisha nyakati hapohapo.

Darasa lilikaa kimya, halafu kijana mmoja akasema, "Kwa hiyo yote manne?" Ndiyo, yote manne.

-li- inakupeleka msalabani na kaburini, nje ya mji wa Yerusalemu, kabla hujazaliwa wewe wala shangazi. Jambo limetendeka. Hakuna anayeliongeza kwa kufunga siku 40.

-me- ndiyo nzuri zaidi, na lugha yetu inaijua kuliko lugha nyingi. Tunaposema "mgeni amefika", hatusemi tu kwamba aliwasili. Tunasema yupo, ameketi, chai imewekwa. "Mtoto amelala" maana yake punguzeni sauti. Tendo limepita, matokeo yapo hai. Waefeso 2:8 kwa Kigiriki ina wakati wenye maana hiyo hiyo kabisa. Mmeokolewa: mlitolewa, na mko nje mpaka sasa hivi.

-na- ni maisha ya Jumatatu. Hasira ile ile ya kwenye foleni, ulimi ule ule, tamaa ile ile. Mtu anaokolewa na hayo polepole, na kuna wiki anaonekana kabisa anarudi nyuma. Wafilipi 2:12 inasema "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka", na wengi huishia hapo wakitetemeka kweli. Mstari wa 13 unaendelea kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu. Hata kutaka ni kwake.

-ta- ni siku ya mwisho, ufufuo, machozi kufutwa. Hapo ndipo "mwenye kuvumilia hata mwisho, ndiye atakayeokoka" (Mathayo 24:13).

Ukizishika hizi nne, ugomvi mwingi wa Dar unapungua makali. Mpentekoste anapouliza "Umeokoka?" anauliza -me-, na mara nyingi anataka tarehe: siku uliyokata shauri, uliyoongozwa sala ya toba, pengine ulipokwenda mbele kwenye mkutano wa injili viwanja vya Jangwani. Mkatoliki anapojibu "natumaini kuokoka" amesikia swali la -ta-, na kwake kudai tayari ni majivuno. Mlutheri wa jadi anapojibu "nimebatizwa" anasimama kwenye -li- iliyomfikia kwa maji. Wanajibizana kwa viambishi tofauti, halafu kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake haijui Biblia.

Kosa linaanza pale mtu anapochukua kiambishi kimoja na kuvitupa vitatu. Mwenye -me- bila -na- anakuwa mlokole wa miaka 20 ambaye wapangaji wake wanamwogopa. Mwenye -ta- peke yake anakufa kwa hofu kila akisikia radi. Mwenye -li- peke yake ana cheti cha ubatizo kwenye droo.

Paulo na Yakobo

Hakuna darasa lililokwisha bila mtu kuuliza hili. Warumi 3:28 inasema mwanadamu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu, kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema huhesabiwa haki kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Na wote wawili wanamchukua Ibrahimu kuwa shahidi wao!

Angalia kila mmoja anazungumza na nani. Paulo anabishana na watu wanaotaka mataifa, yaani wasio Wayahudi, watahiriwe na kushika torati ndipo wakubaliwe. Swali lao ni: mtu anaingiaje? Anakwenda Mwanzo 15, Ibrahimu anaamini ahadi na kuhesabiwa haki, kabla hajatahiriwa, maana tohara inakuja sura ya 17. Yakobo anabishana na watu waliokwisha kuingia, ambao ndugu akija uchi na njaa wanamwambia "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba" (2:16). Mkaote moto, hata kwa joto hili la Februari, unaona dharau yake. Swali la Yakobo ni: imani iliyo hai inaonekanaje? Anakwenda Mwanzo 22, Ibrahimu na Isaka mlimani, miaka mingi baadaye, na anasema imani ile ya sura ya 15 ndipo ilipoonekana ilivyokuwa. Imani ambayo Yakobo anaikataa ni ile ya kukubali kichwani tu; mashetani nao wanayo, anasema, na wanatetemeka.

Imani yenyewe si malipo. Nimejaribu mifano mingi, unaodumu ni wa maji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka Mto Ruvu. Kwetu yakirudi baada ya siku kadhaa za mabomba makavu, mtu wa kwanza kusikia mluzi wa hewa kwenye koki hupiga kelele "Maji yametoka!" na ndoo zinakimbia. Sijawahi kusikia mtu akisema "Bomba limetoka!" Bomba ni njia tu, "kwa njia ya imani". Kinachokunywewa ni maji. Bomba jembamba la kijana mwenye mashaka linapitisha maji yaleyale ya mtoni. Lakini pia bomba lisilopitisha tone mwaka mzima, mafundi wataitwa. Na fundi huyo ndiye Yakobo.

Kuhusu ubatizo nitapita haraka, kwa sababu makanisa yenyewe hayajamaliza. Petro anaandika kwamba ubatizo "unaowaokoa ninyi pia siku hizi", na palepale anaongeza kuwa si kuondoa uchafu wa mwili bali jibu la dhamiri safi mbele za Mungu (1 Petro 3:21). Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wanashika nusu ya kwanza na kubatiza watoto wachanga. Wapentekoste wanashika ya pili na kusubiri mtu ajibu mwenyewe, kisha wanampeleka baharini au kwenye kisima cha kanisa. Habari njema ni kwamba ugomvi mkongwe zaidi, ule wa neema na matendo uliovunja Kanisa la Magharibi karne ya 16, umepoa sana kwenye karatasi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yake. Wamethodisti wakaungana nao 2006. Habari hiyo haijafika kwenye vikao vingi vya harusi.

Namna ya kumwambia mtu

Asubuhi moja kwenye daladala la kwenda Kariakoo alipanda mtumishi, Biblia mkononi, akaanza hata kabla gari halijang'oa. "Abiria mwenzangu, ukifa leo unakwenda wapi?" Mama mmoja aliyekuwa ameshikilia beseni la vitumbua mapajani alijibu bila kuinua macho: "Mimi nashuka Buguruni, baba." Gari zima lilicheka. Mtumishi naye akacheka, nikampenda kwa hilo. Ila nilikaa nikifikiri kwamba mama yule alikuwa amejibu kitu cha kweli. Ana marejesho ya kikoba, ana mtoto wa kidato cha pili, na amechokozwa na swali la -ta- wakati anahangaika na -na-.

Katiba yetu, ibara ya 19, inaacha kazi ya kutangaza dini iwe huru na jambo la hiari ya mtu binafsi. Hiari ni ya pande mbili. Petro anataka tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15). Mstari huo unadhani kwamba tutaulizwa. Yaani maisha yetu yawe na kitu kinachomfanya jirani aulize. Yesu kisimani Samaria alianza kwa kuomba maji ya kunywa, yeye ndiye mhitaji. Filipo kwenye gari la Mkushi, yaani Mwethiopia yule wa Matendo 8, alianza kwa kuuliza kama anaelewa anachosoma, kisha akapanda alipokaribishwa.

Na katika jiji hili jirani ni Mwislamu, ukuta kwa ukuta, na pilau ya Idi mmekula wote. Nimesikiliza mihadhara ya zamani ya kushindana kwa vitabu, Biblia na Kurani zikirushiana aya. Anayeshinda hupigiwa makofi na watu wake, aliyeshindwa hurudi kwao na imani yake ileile na hasira mpya. Sijaona upole hapo, wala hofu.

Jambo moja nitalisema bila upole. Kuuza wokovu, au uponyaji wake, ndani ya chupa ya maji au kichupa cha mafuta chenye bei ni jambo ambalo Matendo 8 imekwisha kulijibu. Simoni wa Samaria alileta fedha ili apate kipawa, na Petro akamwambia "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Neno karama tu lingetosha. Kitu chenye bei si karama.

Darasa lilipokwisha binti yule alibaki akikunja daftari. "Sasa shangazi nimwambie nini?"

Nilimwambia asimwambie kitu. Amwombe wasome pamoja Waefeso 2, wote watatu na mama, na wasiishie mstari wa 9 kama kawaida. Wafike wa 10, penye kusema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Halafu kila mmoja aseme yuko kwenye kiambishi gani wiki hii.

Jumamosi iliyofuata alifika mapema kuliko wote, kabla hata ya mtu wa funguo. "Shikamoo mwalimu. Tumesoma. Mama ameniambia nikuulize: yule mwizi msalabani aliyeahidiwa peponi, alibatizwa lini?"

"Marahaba. Na shangazi je?"

"Shangazi anasema nimwulizie: yule mwizi alifanya matendo gani?"

Nilifuta ubao. Amri Kumi zikasubiri tena.